Mwenye nyumba ya wageni naye ana haki yake



Mfano wa Msamaria Mwema tumeusikia tangu utoto wetu. Kuhani na Mlawi twawalaumu, Msamaria twamsifu. Lakini yuko mtu ambaye hatumtaji: mwenye nyumba ya wageni, aliyebaki akimwuguza majeruhi Msamaria alipoendelea na safari yake. Huyo hakuachiwa shukrani tupu. Aliachiwa dinari mbili, na ahadi ya kulipwa gharama yoyote itakayozidi.

Sisi wa Ufipa tumejaliwa wauguzaji wa namna hiyo. Mwaka 1889 aliwasili Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tabibu na katekista Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa angali mtoto na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea utabibu Malta. Alitibu wagonjwa hadi alipofariki mwaka 1956. Leo hospitali ya Kanisa mjini Sumbawanga inaitwa kwa jina lake.

Moyo huo haujazimika. Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoingia nchini, wahudumu wa afya walimkaribia mgonjwa ambaye sisi wengine tuliambiwa tukae naye mbali, kisha wakarudi nyumbani kwa watoto wao na hofu ile ile. Kila masika wanawapokea akina mama wajawazito waliopandishwa kutoka Bonde la Rukwa kwa barabara za matope.

Mwaka mgumu ukiisha, tunawashukuru kanisani, tunausifu uvumilivu wao, kisha tunaondoka. Hapo ndipo tunapokosea. Mgonjwa asiye na fedha akitibiwa, deni lake halifutiki kwa huruma; yuko mtu anayelibeba. Mara nyingi ni muuguzi anayengoja mshahara uliochelewa. Wengine husema kazi hiyo ni wito. Ni kweli, lakini wito ni wake yeye kuutoa, si wetu sisi kuudai bure.

Papa Leo wa Kumi na Tatu alifundisha mwaka 1891 kwamba ujira wa kumtosha mfanyakazi ni haki yake. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ikalikumbusha Kanisa kwamba anayehubiri haki hana budi kuwa mwenye haki kwanza, hata katika malipo ya wanaolitumikia. Basi tujihoji sisi wenyewe kabla ya kuihoji Serikali.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila jumuiya ndogondogo itenge sehemu ya mavuno ya mahindi na maharage kwa ajili ya wagonjwa maskini, na kuzihimiza kaya zijiunge na bima ya afya kabla fedha za mavuno hazijaisha. Pili, halmashauri za walei ziulize kila mwaka kama watumishi wa hospitali na zahanati za Kanisa wamelipwa stahili zao kwa wakati. Tatu, tuikumbushe Serikali kwamba Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itakuwa na maana pale tu hospitali iliyotibu italipwa bila kucheleweshwa.

Uvumilivu wa wauguzi ni zawadi kwetu. Tusiugeuze kuwa mzigo wao. Msamaria alilipa, nasi twende tukafanye vivyo hivyo.