"Mtandao Uko Chini" Si Jibu: Angalia Ombi Limekwama Wapi

Jumamosi mchana, duka la vifaa vya ujenzi limejaa watu. Mteja ameweka PIN kwenye simu yake na ujumbe wa kukatwa pesa umeingia. Lakini kompyuta ya keshia inasema, "Imeshindwa kuunganisha." Keshia anatoa jibu ambalo sote tumelizoea: "Mtandao uko chini, hebu lipa tena." Foleni ni ndefu, mteja analipa tena. Jioni anatupigia simu: amelipia mifuko kumi ya saruji mara mbili, na pesa za pili zilikuwa za karo.

Tukio la aina hii halianzi na mtandao mbovu. Linaanza na mtu kukisia. Maoni yetu ni haya: duka lolote linalopokea malipo kupitia mfumo wa kompyuta lisikubali jibu la "mtandao" hadi mtu aangalie ombi lilipita wapi na likakwama wapi. Na hadi hapo, mteja asiambiwe alipe tena.

Hebu tufikirie kidogo. Kama ujumbe wa kuweka PIN ulifika kwenye simu ya mteja, basi ombi la duka lilitoka na likafika kwetu. Safari ya kwenda ilikuwa sawa. Kilichokwama ni safari ya kurudi, pale sisi tunapotuma matokeo kwa seva ya duka. Hizo ni njia mbili tofauti, ila skrini ya keshia inazipa jina moja: hitilafu ya kuunganisha. Ndiyo maana kuzima ruta na kuiwasha tena mara nyingi hakusaidii kitu. Unatibu mguu wakati kinachouma ni jino.

Ukitaka kujua ukweli, tazama mawasiliano yenyewe. Kazi hiyo ina programu zake na hazilipishwi. Wireshark hukuonyesha pakiti zinazoingia na kutoka kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, pamoja na saa ya kila moja. Kwenye seva ambayo haina skrini, tcpdump hufanya kazi hiyohiyo. Na kama mfumo wako unafunguliwa kwenye kivinjari, bonyeza F12, nenda sehemu ya mtandao, halafu ujaribu tena ukiwa unatazama.

Fundi wako aanze kwa kuuliza ombi limefika hatua gani. Ya kwanza ni DNS, yaani kubadilisha jina la huduma kuwa anwani ya nambari. Swali likitoka na jibu lisirudi, shida iko hapo na huduma ya malipo haijafikiwa hata kidogo. Ya pili ni TCP, ile salamu ya kufungua njia, ambayo kwa huduma za malipo huwa kwenye porti 443. Ukiona pakiti ya SYN inatumwa tena na tena bila kujibiwa, kuna kitu njiani kinaimeza kimyakimya, na mara nyingi ni ukuta wa usalama. Ukiona RST imerudi haraka, basi umefika lakini umekataliwa mlangoni: pengine hakuna programu inayosikiliza porti hiyo. Ya tatu ni TLS, ambapo vyeti hukaguliwa. Njia ikifunguka kisha ikatwe kabla ya ombi kupita, angalia kama cheti kimeisha muda, na angalia pia saa ya kompyuta. Kompyuta ambayo tarehe yake imerudi nyuma miaka mitatu itakataa hata cheti kizuri.

Ukivuka hizo zote, unafika kwenye jibu la huduma yenyewe. Nambari 401 inamaanisha hujatambuliwa. 404 inamaanisha kilichoombwa hakipo kwenye anwani hiyo. 503 inamaanisha huduma haipatikani kwa sasa, na hiyo ikitoka kwetu, kosa ni letu. Tuambie wazi, hatutakasirika.

Turudi kwa duka letu la saruji. Ukiweka tcpdump kwenye seva inayopokea matokeo, jibu linaweza kupatikana kwa dakika chache. Kama pakiti zetu hazionekani kabisa, zimezuiwa kabla ya kufika. Kama zinaonekana na seva inajibu, halafu mazungumzo yanakatika wakati wa TLS, kaguaneni na cheti cha duka. Hakuna haja ya wiki nzima ya kurushiana lawama kwa simu.

Hapa kuna njia ya mkato ambayo tunaipinga kabisa. Fundi akiona hitilafu ya cheti, huenda akazima ukaguzi wa vyeti ili "kazi iendelee." Ni kweli hitilafu itapotea. Lakini mfumo wako hautajua tena kama unaongea nasi au na mwizi aliyejiweka katikati. Kurekebisha cheti ni kazi ya saa chache. Kurudishiwa pesa zilizoibwa ni hadithi nyingine.

Kuna wenye maduka watakaosema, "Hayo ni ya watu wa kompyuta, mimi nauza misumari." Ni kweli, na hatumtaki keshia asome pakiti. Tunamwomba mambo matatu tu: asimwambie mteja alipe tena, aandike saa kamili na nambari ya muamala, na aulize hali ya muamala huo kwanza. Muda kuisha kwenye skrini hakumaanishi malipo yameshindwa. Kunamaanisha tu kwamba jibu halijaonekana.

Fundi naye ana kazi ya kuupa kila muamala nambari yake ya kipekee, na mfumo ukijaribu tena utumie nambari ileile. Hapo ombi linaloingia mara mbili linaweza kutambulika kuwa ni moja, badala ya kukata pesa upya. Mwenye duka, muulize fundi wako swali hilo kabla ya kumlipa. Ni haki yako.

Tahadhari moja kabla hujaanza. Rekodi mawasiliano ya mashine zako tu, na kwa muda mfupi unaohitajika. Mawasiliano yetu yamefungwa kwa TLS, kwa hivyo Wireshark haitakuonyesha yaliyomo, lakini anwani na saa zinatosha kwa uchunguzi huu. Kumbukumbu za mfumo wako ni jambo tofauti, kwa sababu zinaweza kuwa na majina na nambari za simu za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakudai uzitunze. Usizitupe kwenye kikundi cha WhatsApp ukiomba msaada. Na PIN ya mteja haina kazi yoyote kwenye mfumo wako. Mtu akikuomba uirekodi, huyo si fundi.

Ukitupigia na kusema "mtandao uko chini," tutaanza kukisia pamoja nawe. Ukituambia, "Saa 6:42 ombi lilitoka, njia ilifunguka, halafu ikakatwa wakati wa TLS," tunajua pa kuanzia, na mteja wako anajua pesa zake ziko wapi.