Wimbo wa Seoul wafika Mamboya, wa Mamboya wakwama njiani

KIJANA wa Mamboya, wilayani Kilosa, mwenye simu yenye intaneti anaweza kuusikia wimbo wa Korea Kusini siku ile ile unapotolewa Seoul. Wimbo wa Kikaguru uliorekodiwa kijijini kwake hauna safari rahisi namna hiyo.

Tofauti haimo katika vipaji, bali katika umiliki wa njia. Kampuni za Korea, kama SM Entertainment iliyoanzishwa mwaka 1995, hufunza wasanii, hurekodi na kusimamia mauzo zenyewe. YouTube ilipoenea, bidhaa ilikuwa tayari. Desemba 2012, “Gangnam Style” ya Psy ikawa video ya kwanza kutazamwa humo mara bilioni moja.

Morogoro nayo ilikuwa na Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979. Santuri zake zilitengenezwa Nairobi, kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda. Zikaja kanda, na wasambazaji wachache wa Kariakoo wakapanga bei. Stempu za kodi zilipobandikwa kwenye CD mwaka 2013, wanunuzi walikwisha anza kuhamia kadi za simu, ambako nyimbo hunakiliwa kwa shilingi chache na mtunzi haambulii kitu.

Diamond Platnumz alithubutu: mwaka 2017 WCB ilifungua Wasafi.com iuze nyimbo bila dalali. Hata hivyo, mwaka 2021 iliingia ubia na Warner Music. Ikiwa mwenye nguvu kama huyo ameuhitaji mlango wa wengine, msanii wa Mamboya, asiye na meneja wala wakili wa kumsomea mkataba, ataupita kwa masharti gani?