UKUTA WA SHULE HAUFIKI NYUMBANI KWAKO

Neno la leo: Nehemia 7:1-3



Ukuta wa Yerusalemu ulijengwa ukaisha kwa siku 52. Nehemia hakwenda kulala. Aliweka mabawabu malangoni, kisha akapanga wenyeji wa mji walinde zamu, wengine mbele ya nyumba zao wenyewe. Ukuta ulikuwa umesimama, na bado alidai walinzi.

Sasa nisikie, mzazi. Kwenye mkutano wa wazazi tunamuuliza mwalimu mkuu: mmefunga tovuti chafu kwenye kompyuta za watoto? Akisema ndiyo, tunapiga makofi na kurudi nyumbani tumetulia. Swali ni zuri. Shule inayowapa watoto intaneti bila kichujio inakosea, na tuidai bila aibu. Lakini kichujio hicho hulinda mtandao wa shule tu. Shule zikifungwa, mtoto akashika simu yenye bando ulilonunua wewe, ule ukuta umebaki shuleni. Na hata huko shuleni, kichujio huzuia tovuti. Hakisomi maneno matamu ambayo mtu asiyejulikana anamwandikia binti yako kwenye WhatsApp.

Mwindaji haanzi na picha chafu. Anaanza na sifa. Kisha anatuma bando la bure. Kisha anaomba picha moja tu. Akiipata, vitisho vinaanza: tuma nyingine, au hii itamfikia babako.

Hapo ndipo nina neno na sisi watu wa kanisa. Kwa nini kitisho hicho kinafanya kazi? Kwa sababu mtoto anamwogopa babake kuliko anavyomwogopa yule mwovu. Anajua akisema atachapwa, na Jumapili yataitishwa maombi ya "binti fulani aliyepotea," huku kanisa zima likijua ni nani. Wavulana nao wananyamaza kabisa. Aibu yetu ndiyo silaha ya mwindaji. Wewe unaiita kulinda jina la familia. Mimi naiita kuacha lango wazi.

Na wale wanaosema, "Pasta, haya tuyamalize ndani, tuwaite wazee," jibu langu ni hapana. Kuomba tutaomba, hata kwa kufunga. Lakini sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni inasema kusambaza picha za ngono za mtoto ni jinai, na kifungo chake ni hadi miaka 25. Hilo si jambo la kumalizwa sebuleni kwa soda na kusameheana.

Likizo hii fanya haya. Keti na mtoto wako umwambie kwa kinywa chako: "Ukikosea mtandaoni, njoo kwangu kwanza. Sitakuchapa." Kisha utimize. Usiku simu zote zilale sebuleni, hata yako. Tatizo likitokea, usifute ujumbe. Huo ni ushahidi. Piga 116, laini ya watoto, ni bure mchana na usiku. Kisha nenda polisi.

Shule ijenge ukuta wake. Wewe simama mbele ya nyumba yako.

Baba, tupe masikio ya kuwasikia watoto wetu kabla mgeni hajawasikia. Katika jina la Yesu.

Kama wewe ni mlinzi wa nyumba yako, andika AMINA, kisha mtumie mzazi mwenzako.