Gobore la mjomba na bunduki ya Mmarekani



Nimekuwa kimya kwa siku kadhaa. Nilikwenda kijijini kwa mjomba, upande wa Kagerankanda, na huko ili upate mtandao ni mpaka upande kilima, uinue simu juu kama mtu anayeomba mvua. Nimerudi Kasulu mjini salama, ila nimerudi na donge kooni, na leo nimeona niliteme. Nataka kusema juu ya bunduki zinazotengenezwa nyumbani. Usishtuke msomaji wangu, sijabadili kazi. Bado ni mwandishi wa habari, tena mwandishi mwenye deni. Deni lenyewe utaliona huko mbele.

Nianze na video. Siku mbili kabla ya safari, rafiki yangu mmoja alinitumia video ya Mmarekani anayeunda bunduki ya shabaha mezani kwake. Jamaa ana kikombe chake cha kahawa pembeni, ametulia kabisa. Mtutu ameuagiza, umemfikia nyumbani ukiwa umekwisha kuchongwa kiwandani kwa vipimo vya bunduki yake. Anaukaza, anapima kwa vyuma maalumu kuhakikisha risasi itakaa sawasawa mahali pake, anafunga kitako, anaweka darubini. Hapigi nyundo hata mara moja! Kwa sheria yao ya mwaka 1968, kinachohesabiwa kuwa bunduki ni ule mwili wenye namba. Mtutu ni kipuri tu, kama ringi ya baiskeli. Kesho yake yuko uwanjani anatoboa karatasi iliyo mbali kiasi kwamba mimi na miwani yangu nisingeiona. Watu wanampigia makofi. Wanamwita fundi.

Sasa twende Kagerankanda.

Nilimkuta mjomba ameketi chini ya mgomba, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwipwa wangu. Karibu. Usiuangalie sana huu mkono, njoo ule kwanza."

Tulikula ugali wa muhogo na maharage, yeye akila kwa mkono wa kulia na ule mwingine ameuficha mapajani. Baada ya kula ndipo akanieleza. Alikuwa analinda mahindi usiku. Nguruwe pori walikuwa wamekwishamaliza robo ya shamba la jirani. Walipoingia kwake akafyatua gobore, na gobore likapasuka. Vidole viwili vimekwenda. Jicho la kushoto linaona ukungu.

Nikamuuliza, hospitali ulikwenda lini? Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu mzima anayemwona mtoto hajui dunia. Alikwenda siku ya nne. Kwa nini? Kwa sababu ya PF3. Mnaijua ile fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa. Mjomba alipiga hesabu: nikienda kuomba PF3 nitaulizwa umeumia na nini, nikisema bunduki nitaulizwa bunduki gani, nikisema gobore natoka hapo na pingu. Basi akalala ndani siku tatu mkono ukivimba, anachemshiwa majani. Yeye mwenyewe anasema kidole cha pili hakikukatwa na bunduki. Kilikatwa na woga.

Ndugu zangu, hebu tuwaweke watu hawa wawili pamoja. Mmoja ana darubini, mwingine ana mbalamwezi. Lakini yupo na wa tatu ambaye hamjamwona: mhunzi aliyelitengeneza lile gobore. Nilimuuliza mjomba ni nani. Akakataa kumtaja. Akasema tu, "Jembe ninalolimia na lile gobore vimetoka mkono mmoja." Sikumlazimisha. Na kijiji chenyewe sikitaji hapa, msinitafutie ubaya na ukoo wa mama yangu.

Tofauti ya mhunzi huyo na yule Mmarekani ni nini? Akili? Sidhani. Mtu anayeweza kugeuza bomba la maji kuwa kitu kinachofyatuka, bila umeme, bila mashine ya kuchongea, ana akili ya kutosha. Tofauti ipo kwenye mtutu wenyewe. Mtutu wa Mmarekani umetengenezwa kwa chuma kilichokusudiwa kubeba mlipuko, na kiwanda kinaujua uwezo wake. Bomba la maji limetengenezwa libebe maji! Uingereza mambo haya waliyaona zamani. Chama cha mafundi bunduki wa London kilipewa hati yake mwaka 1637, na Birmingham ikapata nyumba yake ya kujaribia mitutu mwaka 1813. Kazi yao ni rahisi kueleza: mtutu unafyatuliwa kwa nguvu kuzidi ile ya kawaida, na kama ni wa kupasuka upasukie pale, mbele ya mkaguzi. Ukipona unagongwa muhuri. Mwaka 1914 nchi kadhaa za Ulaya zikaanzisha utaratibu wa pamoja wa majaribio hayo.

Kwetu Kagerankanda mkaguzi ni uso wa mkulima.

Na msidhani gobore limetufikia kwa bahati mbaya. Mwaka 1890, tarehe 2 Julai, mataifa makubwa yalitia saini mkataba kule Brussels wa kukomesha biashara ya watumwa. Lengo jema, na bunduki kweli zilikuwa zimeleta maafa kwenye njia za misafara, pamoja na hii ya kwetu ya kwenda Ujiji. Lakini soma walichoandika juu ya silaha. Waliweka ukanda mpana wa Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, na ndani yake wakazuia kuingizwa bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu, yaani zile zinazolenga sawasawa. Zilizoruhusiwa, kwa masharti, ni bunduki kuukuu za gumegume na baruti ya kawaida. Buha imo katikati kabisa ya ukanda huo. Wenyewe wakaja na bunduki za rasharasha. Mwafrika akaachiwa gobore. Zaidi ya miaka 130 imepita, bendera zimebadilika mara kadhaa, na mjomba wangu bado ameshika kitu kilekile, tena kibaya zaidi, maana cha zamani kilitoka kiwandani.

Najua hapa kuna atakayeruka: "Wewe mwandishi unatetea ujambazi!" Tulia, mzee. Mimi nimekulia barabara hii ya Kasulu na Kibondo. Nimepanda mabasi yaliyosindikizwa na askari wenye bunduki kwa sababu ya watekaji. Nimewaona wakimbizi, na najua kilichovuka mpaka pamoja na baadhi ya watu baada ya Rais Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993. Najua pia kwamba gobore linaua wanyama wa Moyowosi na linaua watu. Sisemi kila mkulima apewe bunduki yenye darubini. Mungu apishe mbali. Ugomvi wa kilabu cha pombe ungeishia makaburini kila Jumamosi.

Ninachosema ni hiki: miaka yote tunakusanya magobore, na ni nadra kumgusa anayeyatengeneza au kinachomfanya mkulima ayatafute. Tunafagia maji sakafuni, bomba tumeliacha wazi.

Angalieni rekodi. Aprili 2004 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya silaha ndogondogo, inayotaka kila bunduki itiwe alama inapotengenezwa. Gobore la Kagerankanda lina alama gani? Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga, ikapita Kigoma, Kagera na Geita ikisaka wahamiaji haramu na silaha. Oktoba mwaka huohuo ikaja Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Sote tunakumbuka ilivyoishia: wananchi wameteswa, Bunge limewaka moto, mawaziri wanne wameondoka Desemba. Mwaka 2015 tukapata sheria mpya ya udhibiti wa silaha na risasi. Mwaka 2023 ukatolewa msamaha, kuanzia Septemba hadi mwisho wa Oktoba, mwenye silaha haramu aisalimishe bila kushtakiwa.

Msamaha ni jambo jema, siupingi. Lakini jiulize: mkulima akisalimisha gobore Oktoba, mahindi yake yakikomaa analinda na nini? Kwa kopo na fimbo? Nguruwe pori hakusaini msamaha wowote. Zipo kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho kwa walioharibiwa na wanyama wakali, na jina lenyewe linakuambia kwamba si fidia. Mimi katika kuzunguka kwangu vijijini sijakutana na mtu hata mmoja aliyelipwa kwa shamba lililoliwa na nyani au nguruwe. Na Kagerankanda mambo yamebana zaidi. Julai 2017 Rais Magufuli akiwa ziarani aliagiza wananchi wamegewe zaidi ya hekta 10,000 za hifadhi ile walime. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini ukimpeleka mkulima kwenye ukingo wa pori umempeleka mezani pamoja na wanyama. Nani alipanga ulinzi wa hayo mashamba?

Sasa nilipe deni langu.

Mimi nimeandika habari ya magobore zaidi ya mara tatu. Wote mnaijua ilivyo. Tunaitwa, tunakuta magobore yamepangwa chini au juu ya meza, afisa anasimama nyuma yake, tunapiga picha, tunapewa idadi, tunaondoka. Kichwa cha habari ni kilekile kila mwaka, inabadilika tarakimu tu. Hakuna siku niliyoinua mkono nikauliza: yametengenezwa na nani? Kwa bei gani? Mangapi yamepasuka kabla ya kufika mezani, na vidole vya nani vimebaki huko? Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nawahi kutuma habari. Huenda mojawapo ya mitutu ile ilikuwa ndugu wa baba mmoja na ule uliompasukia mjomba. Sijivunii.

Kwa hiyo leo nasema mambo matatu, na nayasema kwa sauti.

La kwanza. Msamaha ujao umguse fundi. Mhunzi ajitokeze na nyundo yake, asifungwe, ila aandikwe jina na apewe kazi nyingine ya mikono ileile. SIDO ipo tangu 1973. VETA ipo. Nchi inayolia haina viwanda inakwenda kumfunga mtu anayejua kufua chuma porini kwa mviringo wa mikono yake! Mpeni karakana afue majembe, plau, mashine za kukamua mawese. Akirudia gobore baada ya hapo, sheria na ishike mkondo wake. Fundi mmoja akiacha, mnakuwa mmeokoa magobore yote ambayo angetengeneza mpaka kufa kwake.

La pili. Mtu akifika na mkono unaovuja damu atibiwe kwanza, maswali yafuate. Na wananchi waambiwe hivyo waziwazi, kwenye mikutano ya vijiji, misikitini na makanisani, mpaka mtu kama mjomba aamini. Maana hata kama utaratibu unaruhusu, mgonjwa asiyeujua atabaki amelala ndani na majani yake.

La tatu. Vijiji vya ukingoni mwa hifadhi vipewe ulinzi wa mazao unaofahamika: askari wa wanyamapori wa kijiji, wenye mafunzo, na bunduki chache zenye namba na zinazotunzwa mahali palipo salama. Bunduki mbili zenye namba mikononi mwa watu wanaojulikana ni salama kuliko magobore ishirini yaliyofukiwa chini ya vitanda.

Kuna watakaosema haya ni ghali. Sawa. Piga hesabu ya operesheni: magari, mafuta, posho, kesi, magereza. Kisha weka na vidole.

Nilipoaga, mjomba alinisindikiza mpaka njia panda. Njiani akanionyesha shamba. Amekwishalima tena, kwa jembe lilelile, mkono mmoja ukishika na mwingine ukiegemeza. Nikamwuliza, "Mjomba, mwaka huu utalinda na nini?"

Akatazama porini, hakunijibu upesi. Halafu akasema, "Fundi ameniahidi lingine. Anasema bomba la safari hii ni zito."

Ndiyo donge nililorudi nalo, ndugu zangu. Mahindi yatakomaa, nguruwe watakuja, na bomba zito halijajaribiwa na mtu yeyote.

Nawasilisha.