Butembo na Beni: Mgonjwa aulizwe angali na sauti

Katika nyumba nyingi za Butembo na Beni mambo huenda hivi. Mzee anaumwa tumbo kwa miezi. Anapelekwa kituo cha afya, kisha hospitali kubwa. Daktari anamwita mtoto wa kwanza pembeni, kwenye korido, anamwambia kwamba ni kansa na imeshafika mbali. Mtoto anarudi chumbani na uso wa furaha: « Baba, wamesema utapona. » Siku hiyo uongo unaingia katika familia, na hautoki hadi siku ya kilio.

Baada ya hapo shamba linauzwa. Mbuzi zinauzwa. Mzee anapandishwa gari kwenda hospitali nyingine, halafu nyingine, juu ya barabara zenye mashimo na vizuizi vya watu wenye silaha. Hakuna aliyemwuliza kama anataka safari hiyo. Anakufa mbali na mke wake. Maiti inangoja chumba cha baridi mpaka deni lilipwe. Na kaburi halijafunikwa vizuri, watoto wameanza kugombana: azikwe wapi, nani arithi kiwanja, nani alimkopesha pesa. Mwenye majibu yote hayo alikuwa kitandani miezi mitatu, akili timamu, na kila mtu aliyeingia alimwuliza jambo moja tu: « Umekula? »

Huo si upendo. Ni woga uliovaa nguo ya upendo, na ni wakati watu wauite kwa jina lake.

Kwa wakimbizi wa vita jambo hili ni zito zaidi. Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024, familia nyingi zilipanda kuelekea Lubero na Butembo. Upande wa Beni, watu wanakimbia mauaji ya ADF tangu Oktoba 2014. Wengi hawako kambini. Wamepokelewa na ndugu na marafiki, watu kumi katika vyumba viwili. Ndani ya vyumba hivyo wamo wazee wenye kansa, wenye kiharusi, wenye moyo uliochoka, wenye figo zilizoharibika. Mashirika yanapokuja yanahesabu watoto wenye utapiamlo na wamama wenye mimba, na ni haki kabisa kuwahesabu. Lakini ni nadra orodha kuwa na nafasi ya mama mzee anayelia usiku kwa maumivu, anayejua kwamba hatarudi kwenye shamba lake, na ambaye angependa kusema mapema azikwe wapi ikiwa njia ya kijijini imefungwa.

Wakazi wa hapa wana sababu nzuri ya kulijua jambo hili kuliko wengine. Ebola ilitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 3,400 waliugua, 2,287 walikufa. Wote wanakumbuka hasira ya mwanzo: mgonjwa anachukuliwa, mlango unafungwa, na familia inasikia habari yake akiwa tayari ndani ya mfuko. Mwezi wa pili wa 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili mwaka huo daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi mjini Butembo akiwa kazini. Hakuna kitu kinachohalalisha kumwua daktari. Lakini katika mambo yaliyolisha uvumi, mojawapo lilikuwa hili: watu wao walikufa nyuma ya ukuta, bila kusema neno la mwisho.

Na waliokuwa kazini walijifunza. Huko Beni shirika la ALIMA liliweka vyumba vya plastiki inayopitisha mwanga, ndugu wakaweza kumwona mgonjwa na kuongea naye bila kuambukizwa. Mazishi yakapewa jina la « mazishi salama na yenye heshima ». Wazikaji wakajifunza kuongea na familia kwanza: nguo gani, nani ataomba, kaburi liwe wapi. Basi kumbe kuuliza kunawezekana, hata katikati ya ugonjwa wa kutisha kuliko yote. Ebola ilipoisha, wengi walirudi kwenye desturi ya zamani ya kunyamaza. Heshima ile ilipewa maiti. Nani ameisogeza nyuma siku chache, akampa mtu angali anapumua?

Wapo wanaosema kutaja kifo ni kukiita. Hebu waangalie jirani zao. Ntoyo, eneo la Lubero, Septemba 2025, watu walikusanyika usiku kwa kilio, wakaja wauaji na kuua zaidi ya sitini. Kifo cha mkoa huu hakingoji kuitwa. Na wanaosema hivyo wanasahau desturi yao wenyewe. Mzee wa zamani alipoona nguvu zinaisha, aliita watoto, akagawa maneno yake: shamba hili ni la nani, deni lile lilipwe, fulani asamehewe, mniweke karibu na mama yangu. Kilichokuja baadaye ni korido ya hospitali, ambako siri ya mwili wa mtu inapewa mtoto wake kabla yake.

Wengine wanasema haya ni mambo ya Ulaya. Basi wasome sheria ya Congo. Kanuni ya Familia ya 1987 inatambua wosia wa mdomo: mtu anayejiona karibu na kifo anaweza kutamka matakwa yake mbele ya mashahidi wawili watu wazima, pamoja na maagizo ya mazishi yake. Mashahidi wawili tu, hata kwenye nyumba ya kupokelewa. Ni wakimbizi wangapi wameelezwa haki hiyo?

Wengine wanaogopa kwamba mgonjwa akiambiwa ukweli atakata tamaa na kufa haraka. Utafiti hauonyeshi hivyo. Mjini Melbourne, Australia, wagonjwa 309 wenye miaka 80 na zaidi walifuatwa, na matokeo yakachapishwa 2010. Nusu walisaidiwa kuzungumza mapema juu ya matunzo wanayotaka, nusu walitibiwa kama kawaida. Miongoni mwa waliofariki katika miezi sita, matakwa ya wale waliozungumza yalijulikana na kufuatwa kwa asilimia 86. Kwa wengine ilikuwa asilimia 30. Na familia za waliozungumza zilibaki na huzuni na wasiwasi mdogo zaidi. Mwaka huohuo, Marekani, wagonjwa 151 wa kansa ya mapafu walichunguzwa. Waliopewa mapema matunzo ya kutuliza maumivu na mazungumzo ya wazi waliishi kwa wastani miezi 11.6. Waliotibiwa kwa kawaida waliishi 8.9, ingawa wao ndio waliopewa matibabu makali zaidi kuelekea mwisho. Ukweli uliosemwa kwa upole haukuwaua.

Lakini asije mtu sasa na fomu ya kurasa sita kwa Kifaransa, semina ya siku mbili hotelini na fulana. Mwaka 2021 wataalamu wakubwa wa Marekani katika kazi hii walikiri kwamba karatasi zilizojazwa miaka mingi kabla ya ugonjwa hazijaboresha matunzo kama ilivyotarajiwa. Kinachosaidia ni mazungumzo ya kweli, wakati ugonjwa umeshajulikana, na mtu anayeaminika. Hapa Butembo na Beni mtu huyo yupo. Ni muuguzi mkuu wa kituo cha afya cha mtaa. Daktari wa familia kama wa Ulaya hayupo karibu na watu wengi, lakini muuguzi huyu anazijua nyumba, anajua nani mgonjwa na nani anamlisha, na anaongea Kinande au Kiswahili. Maswali ya kuuliza ni machache. Unajua nini juu ya ugonjwa wako, na unataka kujua zaidi? Unaogopa nini kuliko vyote? Ukizidiwa, upelekwe hospitali au ubaki nyumbani? Usipoweza kusema, nani aseme badala yako? Majibu yaandikwe kwenye fishi ya mgonjwa, na yarudiwe hali ikibadilika, maana mtu ana haki ya kubadili mawazo.

Kuna sharti moja ambalo bila hilo yote haya ni maneno. Huwezi kumwomba mtu achague kufia nyumbani kisha ukamwachia parasetamoli peke yake kwa maumivu ya kansa. Tume ya jarida la Lancet ilionyesha 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa za aina ya morfini zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zinapata tani 0.1 tu. Hiyo ni aibu ya dunia. Aibu ya karibu iko Kasindi. Ng'ambo ya mpaka huo, Uganda ilianza kazi hii 1993 pale daktari Anne Merriman alipofungua Hospice Africa mjini Kampala. Mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi waliofunzwa kuandika morfini, na serikali inaitoa bure, ni unga unaochanganywa na maji, mgonjwa anakunywa kwenye kikombe nyumbani kwake. Wafanyabiashara wa Butembo wanavusha Kasindi sementi, sabuni, pikipiki na bia. Wakubwa wa afya wasiseme kwamba dawa ya kutuliza maumivu imeshindwa na njia. Vita si kisingizio: Uganda haikungoja kutajirika ndipo ianze.

Basi kila mwenye kazi aifanye. Madaktari wamwambie mgonjwa kwanza, kama anataka kujua, wala wasijifiche nyuma ya mtoto wake. Maofisa wa maeneo ya afya ya Butembo, Katwa, Beni na Oicha waingize maswali hayo katika kazi ya kawaida ya vituo. Divisheni ya afya ya mkoa na ghala la dawa la CADIMEBU wakae meza moja watafute njia halali ya morfini ya maji, na wauguzi wafunzwe kuitumia. Mashirika yanayohudumia wakimbizi yaongeze mstari mmoja kwenye orodha zao: nani hapa anaumwa ugonjwa usiopona? Hospitali zinazoshikilia maiti kwa sababu ya deni ziache. Wachungaji na mapadri, ambao huitwa dakika ya mwisho kumpaka mgonjwa mafuta, waende mapema, wakiwa na muda wa kusikiliza.

Mikutano hiyo itachukua miezi, huenda miaka. Mzee aliye kwenye mkeka usiku huu, kwenye chumba cha kuazima, hana miezi. Mtoto wake anaweza kuweka simu pembeni, akae karibu, aite shahidi wa pili kama inahitajika, na amwulize: « Baba, unataka tufanye nini? » Kisha anyamaze, asikilize hadi mwisho.