Kafara Isiyodaiwa

Jumapili asubuhi, Mkristo wa Gazi, kijiji cha pwani ya kusini ya Kenya, hupanda hadi barabara ya Lunga Lunga kungoja matatu ya kanisani. Kijiji ni cha Waislamu, na maneno ya ibada yake aliyakuta yameshatangulia: sadaka, kafara, toba. Hata Krapf, mmisionari Mjerumani, alipoanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili kule Mombasa mwaka 1844, alisaidiwa na kadhi wa mji.

Neno kafara limejeruhiwa pwani hii. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, watoto wengi wakiwemo. Walionusurika walisimulia kwamba waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakamwone Yesu. Mtoto wa Shakahola hakujitoa. Alitolewa. Ni haki kwa wahubiri kulisema hilo waziwazi, kila Pasaka, maana msalaba wanaouhubiri ulibebwa na aliyekubali mwenyewe ili wengine waishi.

Anayetaka kuiona tofauti kati ya kutolewa na kujitoa avuke Likoni aende Nyali, kwenye kaburi la Rosine, mke wa Krapf.

Rosine alifika Mombasa Mei 1844, akiwa ameshampoteza mtoto mmoja safarini. Tarehe 6 Julai alijifungua binti. Homa ikamvaa, tarehe 13 akafariki, na kichanga kikamfuata baada ya siku mbili. Mumewe naye alikuwa hoi kitandani kwa homa hiyohiyo. Krapf alieleza baadaye kwamba mkewe aliomba azikwe ng'ambo, bara, upande wa Wamijikenda, ili wapita njia wakiliona kaburi wakumbuke kilichowaleta wageni hawa. Wakati huo hapakuwa na mwenyeji hata mmoja aliyebatizwa kwa kazi yao. Ombi la mwisho la mwanamke huyo lilikuwa kwa ajili ya watu ambao hata majina yao hakuyajua, wala hakumdai yeyote kati yao kitu.

Vitabu vingi humtaja kama mke wa Krapf, basi. Amepunjwa. Kaburi la kwanza la umisheni huo ni lake, na matumaini yaliyowekwa pale yalikuwa yake kabla hayajawa ya mumewe.

Mwaka 1846 alikuja mmisionari mwingine, Johannes Rebmann, naye na Krapf wakaanza kazi Rabai. Waumini walipatikana mmojammoja, kwa miaka mingi. Rebmann alikaa miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Alimzika mkewe Emma, na macho yakafifia hadi akawa kipofu. Alipoondoka mwaka 1875 hakusafiri peke yake. Isaac Nyondo, mmoja wa waumini hao, aliiacha nyumba yake akapanda meli pamoja na mzee huyo, kumfikisha Ulaya.