TEMBEA UONE: Njia ya Waingereza Pwani ya Nice



Mwezi huu twawachukua kusini mwa Ufaransa, kwenye mji wa Nice, ambao wenyeji hulitamka jina lake "Nisi". Mji huo umekaa juu ya ghuba pana ya Bahari ya Kati, iitwayo Ghuba ya Malaika, na kando ya ghuba hiyo imenyoshwa njia ya matembezi yenye urefu upatao kilomita saba, toka karibu na mji wa kale upande wa mashariki mpaka kiwanja cha ndege upande wa magharibi. Jina lake ni Promenade des Anglais, yaani Matembezi ya Waingereza. Kijana apendaye kuuliza hatakosa kushangaa: mji ni wa Wafaransa, bahari ni yao, basi kwa nini njia iliyo bora kuliko zote ikaitwa kwa jina la wageni? Swali hilo lina jawabu, na jawabu lenyewe lataka kusimuliwa taratibu, maana vitabu vya watalii hulipita mbio.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba zamani hizo Nice haikuwa ya Ufaransa. Ilikuwa chini ya Ufalme wa Sardinia, na ikatiwa mikononi mwa Wafaransa mwaka 1860, kwa mkataba uliotiwa sahihi Turin. Waingereza walikuwa wamekwisha kuizoea kabla ya hapo. Mmoja wa wa mwanzo kuisifu alikuwa tabibu na mwandishi wa Kiskoti, Tobias Smollett, aliyekaa hapo kati ya 1763 na 1765 kwa ajili ya maradhi ya kifua, akaandika kitabu cha safari zake kilichotolewa mwaka 1766. Bwana huyo alikuwa akiingia baharini kuoga, na watu wa mji wakaona ajabu kubwa, kwani kwao bahari ilikuwa ya wavuvi tu. Baada yake wakaja wengi wenye mali, wakikimbia baridi ya kwao. Walikuja wakati wa kipupwe na kuondoka jua lilipoanza kuwa kali. Majira ya joto hoteli zilikuwa zikifungwa. Kinyume kabisa na leo!

Mwanzoni mwa miaka ya 1820 ikapiga sakitu kali isiyo ya kawaida katika nchi ile, ikaiua michungwa. Watu waliokuwa wakila kwa kuchuma machungwa na kuyauza wakabaki mikono mitupu, na njia za mji zikajaa waombaji. Miongoni mwa Waingereza waliokuwapo alikuwa kasisi mmoja tajiri, jina lake Lewis Way. Yeye na wenzake wakachanga fedha; lakini badala ya kuzigawa mkono kwa mkono, wakawaajiri wale maskini wapasue njia kando ya bahari, mahali palipokuwa mawe matupu. Njia hiyo ilikuwa na upana wa mita mbili hivi, ya kupitwa kwa miguu tu. Wenyeji wakaiita kwa lugha yao Camin dei Anglés, njia ya Waingereza, na jina la Kifaransa la leo ni tafsiri yake.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Waingereza wale walijenga kwa faida yao pia, maana wao ndio waliotaka mahali pa kutembea wakivuta hewa ya bahari bila ya kuchafua viatu. Hata hivyo, mtu mwenye njaa aliyepewa kazi na ujira wake alikwenda nyumbani na chakula, tena na uso wake haukushushwa. Kwa maoni yangu sadaka ya namna hiyo haidharauliki, ijapokuwa nia yake imechanganyika. Lililo zito zaidi ni hili: jina lililobaki ni la waliotoa fedha. Mikono iliyobeba mawe haina jina popote katika njia hiyo, wala hakuna ajuaye walikuwa wangapi. Mzazi anayetembea na watoto wake mahali kama hapo, popote ulimwenguni, asichoke kuwauliza: nani alilipa, na nani alibeba?

Njia ikapanuliwa na kurefushwa kidogo kidogo. Garimoshi lilipofika Nice mwaka 1864, wageni wakazidi, Warusi kwa Waingereza. Mwaka 1931 njia iliyopanuliwa upya ikafunguliwa na Duke wa Connaught, mwana wa Malkia Victoria. Na Malkia mwenyewe mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa akija Nice kupumzika, akikaa juu kilimani Cimiez. Mwaka 1936 serikali ya Ufaransa ikatoa sheria ya likizo ya wiki mbili yenye malipo kwa wafanyakazi, na hapo ndipo watu wa kawaida nao walipoanza kuiona bahari ambayo kwanza ilikuwa ya wakubwa. Mwaka 2021 UNESCO iliutia mji wa Nice katika orodha ya urithi wa dunia, kwa sababu ya historia yake kama mji wa kupumzikia wakati wa baridi.

Na mgeni wa leo ataona nini? Upande mmoja ni maji, ambayo karibu na ufuko yana rangi ya feruzi na mbele kidogo hugeuka buluu iliyokolea, kwa kuwa kina huanza ghafula. (Mwenye watoto wadogo na alishike neno hilo.) Asitazamie mchanga. Ufuko wa Nice ni wa mawe laini ya mviringo, na asiyekuwa na viatu vya kuogea atatembea kama mtu akanyagaye makaa. Sehemu za ufuko zimekodishwa, nako hulipiwa godoro na mwavuli. Sehemu nyingine ni za watu wote, bure. Juu ya ukuta vimewekwa viti vya rangi ya buluu vinavyoelekea baharini, vinavyojulikana sana hata vimekuwa kama alama ya mji. Nilikaa katika kimojawapo baada ya alasiri, na kwa muda wa saa nzima nikasikia Kiarabu cha Maghribi mara nyingi kama nilivyosikia Kiingereza. Kwani Nice ina Waislamu wengi wenye asili ya Tunisia, Algeria na Moroko. Mitende imepandwa mistari mirefu, lakini mingi ni ya jamii ya Visiwa vya Kanari, ambayo matunda yake si ya kufuturia.

Upande wa pili ni majumba. Lililo mashuhuri kuliko yote ni hoteli ya Negresco, yenye kuba la rangi ya waridi, iliyofunguliwa mwaka 1913 na Henri Negresco, mtu wa Bucharest. Mwaka uliofuata vita vikazuka, hoteli ikafanywa hospitali ya majeruhi, na mwenyewe akafa mwaka 1920 hali amefilisika. Kuba lake lingalipo, na jina lake lasomwa na kila apitaye. Kulikuwa pia na jumba la kamari lililojengwa juu ya nguzo ndani ya bahari. Liliungua mwaka 1883 siku chache kabla ya kufunguliwa, likajengwa tena na kufunguliwa mwaka 1891, kisha Wajerumani wakalivunja mwaka 1944 wapate chuma chake. Sisi hatuna machozi ya kulilia nyumba ya kamari, ila picha zake za kale zapendeza, wala sitakana.

Saa sita kamili za mchana hulia mshindo mkubwa kutoka Kilima cha Ngome, na wageni hushtuka. Wasiogope. Ni desturi iliyoanzishwa katika miaka ya 1860 na Mskoti mmoja, Sir Thomas Coventry, ambaye, kama isemwavyo, alichoka kumngoja mkewe aliyekuwa akizungumza na kusahau chakula cha mchana. Katika miji mingi ya Waislamu mzinga umekuwa ukilia Ramadhani kuwajulisha watu wakati wa kufuturu. Kwa Coventry ulilia kwa ajili ya mke mmoja tu! Na kwa kuwa tumekwisha taja chakula: katika mji wa kale hupikwa socca, mkate mwembamba mpana wa unga wa dengu, mafuta ya zeituni, chumvi na maji, uokwao katika tanuri kali na kunyunyiziwa pilipili manga. Muislamu hana haja ya kuwa na wasiwasi nao, na mama ajuaye kukoroga unga wa bajia ataujaribu nyumbani bila taabu.

Sasa twafika mahali ambapo kalamu huwa nzito. Usiku wa tarehe 14 Julai 2016, sikukuu ya taifa la Ufaransa, maelfu ya watu walikuwa wamejaa katika njia hii kutazama fataki. Zilipokwisha, mtu mmoja mzaliwa wa Tunisia, mkazi wa Nice, aliingia na lori la tani 19, akaliendesha juu ya watu mpaka polisi walipompiga risasi akafa. Watu 86 waliuawa, nao watoto walikuwamo, na mamia wakajeruhiwa. Kundi lililojiita Dola ya Kiislamu likajisifia kitendo hicho. Mwendesha mashtaka, katika siku zilizofuata, alieleza kwamba mtu huyo alijulikana kwa pombe na kwa kula nyama ya nguruwe, si kwa sala wala saumu.

Wa kwanza kuuawa alikuwa mama wa Kiislamu aliyevaa hijabu. Kwa habari zilizotolewa wakati ule, theluthi moja hivi ya waliokufa walikuwa Waislamu: mababa waliokuja na watoto wao kutazama fataki, kama ambavyo yeyote kati yetu angalifanya. Mwenyezi Mungu awarehemu, na awape subira waliobaki. Kila mtoto wa madrasa amefundishwa uzito wa kuua nafsi moja isiyo na hatia. Hapa ziliuawa 86, na muuaji akahesabiwa na watu kuwa ni wa kwetu. Ndiyo maana baadhi ya Waislamu waliokwenda kuomboleza, nao wamefiwa, walitukanwa na wapita njia. Kufiwa na kushutumiwa siku moja ni mzigo ambao si rahisi kuueleza kwa asiyeubeba.

Mwezi uliofuata, Agosti 2016, miji ya pwani ipatayo thelathini ikatoa amri ya kuyakataza mavazi ya kuogea yafunikayo mwili, yaitwayo burkini. Cannes ilitangulia, na Nice ikafuata. Picha ikaenea duniani ya polisi wenye silaha wakiwa wamemzunguka mwanamke mmoja juu ya ufuko wa Nice, naye akivua vazi lake la juu. Tarehe 26 Agosti Baraza la Dola, ambalo ndilo mahakama kuu ya mambo ya utawala, likaisimamisha amri ya mji jirani wa Villeneuve-Loubet, likaona haina msingi wa usalama wa watu. Na tarehe 1 Septemba mahakama ya utawala ya Nice ikaisimamisha ya Nice. Jambo hilo lafaa kujulikana na jamaa zetu wanaosafiri, kwa kuwa wengi wamebaki na ile picha tu wala hawakusikia hukumu. Aidha wasichanganye ufuko na mabwawa ya kuogelea ya manispaa, ambayo yana kanuni zake: mwaka 2022 Baraza lile lile lilikataa mji wa Grenoble usiyaruhusu mavazi hayo bwawani.

Mimi siwaoni Wafaransa kuwa kitu kimoja katika jambo hili. Meya mmoja aliandika amri, na majaji wa nchi ile ile wakaisimamisha. Mtu akitaka haki akaitafute kwa mlango wake, nao mlango ulifunguka. Kesi ya waliomsaidia yule muuaji nayo ilisikilizwa Paris tangu Septemba 2022, na hukumu zikatolewa Desemba mwaka huo. Mwaka huo huo wa 2022 iliwekwa kando ya bahari sanamu ya malaika kuwa ukumbusho wa waliouawa. Na njia sasa imetiwa nguzo na kamba za chuma ili motokaa isiweze kupanda mahali pa waendao kwa miguu.

Kwa atakayejaliwa kufika: kutoka kiwanja cha ndege pana tramu iendayo mjini, iliyokamilishwa mwaka 2019. Afadhali aende asubuhi mapema, jua halijakaza. Aanzie mbele ya hospitali ya watoto ya Lenval, iliyoanzishwa katika karne ya 19 na tajiri wa Kipolandi kwa kumkumbuka mwanawe aliyefariki. Usiku ule watoto wengi walioumia waliletwa humo, kwani lori liliingilia karibu na hapo. Toka Lenval atembee kuelekea mashariki, bahari ikiwa kuume kwake, aipite Negresco, mpaka jumba liitwalo Palais de la Méditerranée. Masafa yake ni kilomita mbili hivi, nusu saa kwa mtu anayekwenda na watoto. Lori liliyapita kwa muda wa dakika zipatazo nne. Viti vya buluu viko njia nzima, kwa atakayetaka kukaa.